Kurudia Kilichokwisha Kuchapwa: Haki ya Mwandishi na Amana ya Msomaji

Mwaka 1963 shirika la Oxford University Press lilichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu kuuawa kwa mtawala wa Roma. Kitabu kiliitwa Julius Caezar, na mfasiri wake alikuwa Julius Nyerere, Rais wa Tanganyika. Miaka sita baadaye, mwaka 1969, tafsiri hiyo ilitoka upya ikiwa imesahihishwa, na safari hii ikaitwa Juliasi Kaizari. Wataalamu wa tafsiri wameandika mengi juu ya matoleo hayo mawili, na hapana haja ya kuyarudia hapa. Linalovuta fikira ni jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba mfasiri alirudi. Katika miaka sita hiyo palipita uasi wa wanajeshi wa Januari 1964, Muungano na Zanzibar wa Aprili mwaka huo huo, na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mtu aliyebeba mizigo hiyo alikuwa na kila udhuru wa kuiacha kazi yake ya awali ikae rafuni kama ilivyo. Hakuiacha.

Badiliko la jina peke yake lina mafunzo. Katika Caezar, herufi ya z imekwisha kupiga hodi lakini neno zima lingali limesimama nje ya kizingiti: si la Kiingereza tena, wala halijawa la Kiswahili. Katika Juliasi Kaizari kila silabi imefungwa kwa irabu, na mwanafunzi wa Kilosa au wa Kitui anaweza kulitamka jina hilo bila ya kujifunza lugha nyingine kwanza. Mfasiri hakubadili maana ya kitabu kwa hilo, ila alimsogeza msomaji karibu. Na kwa kuwa toleo la 1963 lilikwisha kununuliwa na kuwekwa maktabani, yeyote mwenye kutaka kujua mfasiri alitoka wapi na akafika wapi anaweza kuvifungua vitabu vyote viwili na kulinganisha ukurasa kwa ukurasa. Sifa hii ya pili haikuwa juhudi ya mfasiri hata kidogo. Ilikuwa zawadi ya karatasi, na umuhimu wake utadhihirika hapo mbele.

Swali lenyewe ni la zamani: andiko likishatoka mikononi mwa mwandishi, je, ni halali yake kulirudia? Wako wanaoshikilia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mwandishi aliyekwisha kuchapisha hana haki zaidi ya ile ya msomaji yeyote. Wako wengine wanaoliona andiko kama nyumba ya udongo, ambayo mwenyewe asipoikandika kila masika itamwangukia. Kila upande una hoja, na yamkini hakuna mwandishi aliyeishi muda mrefu asijikute pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Hata hivyo, mjadala huu kwa kawaida huendeshwa kana kwamba wahusika ni wawili tu, yaani mwandishi na andiko lake. Msomaji, ambaye ndiye aliyekwisha kulinukuu andiko hilo, kulifundisha, na pengine kulijengea tasnifu nzima, husahauliwa mlangoni.

Fasihi ya Afrika ina mifano miwili mikubwa ya jambo hili, na inafaa itazamwe pamoja kwa sababu haifanani. Chinua Achebe alichapisha Arrow of God mwaka 1964, kisha akatoa toleo la pili mwaka 1974. Katika dibaji ya toleo hilo alieleza kwamba riwaya hiyo ndiyo ambayo yamkini angekutwa akiisoma tena, na kwamba katika kuisoma alikuwa ameona udhaifu fulani wa muundo ambao sasa alipata nafasi ya kuuondoa. Ni maelezo ya fundi. Ezeulu anabaki kuhani yule yule, mgogoro wake na Umuaro unabaki ule ule, na msomaji wa toleo la kwanza akikutana na msomaji wa toleo la pili wataelewana bila ya mkalimani.

Hali ya A Grain of Wheat ni nyingine kabisa. Riwaya hii ilitoka mwaka 1967 chini ya jina la James Ngugi. Toleo lililorekebishwa lilitoka katikati ya miaka ya 1980 chini ya jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kati ya majina hayo mawili pana Kamĩrĩĩthũ, pana kizuizini, pana uhamisho. Katika toleo la 1967, Daktari Lynd, mwanamke wa Kizungu anayefanya kazi katika kituo cha utafiti wa misitu, anavamiwa, mbwa wake anauawa, na yeye mwenyewe anabakwa. Miongoni mwa wavamizi ni mtumishi wake, Koina. Katika toleo la pili kuuawa kwa mbwa kumebaki, lakini ubakaji umeondolewa. Kilichokuwa Chama katika toleo la kwanza kimekuwa Vuguvugu. Haya si marekebisho ya fundi anayenyoosha fremu ya mlango. Mwandishi ameutazama upya upande wa wapiganaji, na tendo ambalo lingewatia doa amelifuta.

Alikuwa na haki? Bila shaka, kazi ni yake, na mtazamo wa mtu hukua. Lakini na achukuliwe mwanafunzi wa uzamili aliyeandika katika miaka ya 1970 juu ya taswira ya mwanamke wa kikoloni katika riwaya hiyo, akasimamisha sura nzima juu ya tukio la Daktari Lynd. Mwanafunzi wa leo anayeichukua tasnifu hiyo akiwa na toleo jipya mkononi atadhani mtangulizi wake aliota. Semina za fasihi zimewahi kupoteza saa nzima kwa ubishi wa namna hii, kila mmoja akiapa kwamba ameyaona kwa macho yake, mpaka mtu wa tatu akageuza jalada na kuuliza: lako ni la mwaka gani? Hapo ubishi huisha, kwa kuwa vitabu vyote viwili vipo na kila kimoja kimebeba mwaka wake. Laiti toleo la pili lingeweza kuyafikia matoleo yote ya kwanza usiku mmoja na kuyafuta rafuni, mwanafunzi wa miaka ya 1970 angebaki mwongo milele.

Hiyo laiti imekwisha kuwa jambo la kawaida. Makala yanayochapishwa katika mtandao wa intaneti hayatoi toleo la pili kwa maana ya zamani. Mwandishi, au mhariri, huingia, hubadili sentensi, na sentensi ya awali hutoweka popote ilipokuwa ikisomwa, Nairobi, Muscat au Chicago, kwa dakika ile ile. Hapana rafu inayoikumbuka. Uwezo wa kurekebisha, ambao kwa mwandishi wa vitabu ulikuja mara moja katika miaka kumi kama ulikuja, sasa uko mkononi mwa kila mtu kila siku. Na zile alama za karatasi zilizomlinda msomaji bila ya yeyote kukusudia, yaani jalada, mwaka na nakala ya zamani, zimeondoka pamoja na karatasi.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba dawa ni kutogusa. Katika takriban kila idara ya fasihi yumo mhakiki ambaye, tuseme mwaka 2014, aliombwa aandike makala ya jumla juu ya riwaya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya wasomaji wa mtandaoni. Aliyaandika kwa uangalifu, yakasomwa, yakawa ndiyo ya kwanza kufunguliwa na kila mwanafunzi anayeanza kozi. Humo alisema kwamba Afrika Mashariki haikuwa imewahi kumtoa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Lilikuwa kweli. Oktoba 2021 tuzo hiyo ilimwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, na sentensi ile ikawa ya uongo bila ya mhakiki kuongeza wala kupunguza neno. Alisema kwamba riwaya za Gurnah hazipatikani kwa Kiswahili; mwaka 2022 ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise. Alimwandika Euphrase Kezilahabi kwa njeo ya wakati uliopo, na Kezilahabi akafariki Januari 2020; akamwandika Ken Walibora vivyo hivyo, naye akafariki Aprili mwaka huo huo; akamwandika Ngũgĩ, ambaye alifariki Mei 2025. Aliitaja Kidagaa Kimemwozea kuwa riwaya inayotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, ilhali baadaye Chozi la Heri ilishika nafasi hiyo.

Kila moja ya sentensi hizi ni ndogo. Zikiwekwa pamoja zinafanya jambo ambalo mhakiki huyu hakulitarajia: zinamfundisha msomaji kutoyaamini makala. Mwanafunzi anayekutana na Kezilahabi akiwa bado "anaandika" hatasema kwamba njeo ya kitenzi imepitwa na wakati. Atasema kwamba mwandishi huyu hajui anachokisema, na atayafunga makala kabla hajafika kwenye aya ya tisa, ambamo pengine mna uchambuzi bora kuliko wote ulioandikwa juu ya Nagona. Hasara ya kutohuisha makala haiishii katika tarakimu na tarehe. Hufika hadi kwenye hoja, kwa sababu msomaji hupima asichokijua kwa kile anachokijua.

Kwa hivyo hapana budi mhakiki arudi. Ila anaporudi atakuta kwamba kazi iliyo mbele yake si ya aina moja. Njeo za vitenzi na jina la mshindi wa tuzo ni mambo ya kusahihishwa tu, na anayesita kuyasahihisha kwa kisingizio cha kuheshimu andiko la awali anajipa unyenyekevu usio na kazi. Tahajia ya jina la mtu, mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu, kichwa cha riwaya kilichokosewa: haya hayana mjadala. Zaidi ya hapo kuna mambo yaliyoongezeka tangu makala yaandikwe, ambayo hayakuwa makosa ila ni mapengo, na hapa ndipo busara inapoanza kuhitajika. Si kila riwaya mpya inastahili aya. Makala yanayoongezewa aya kila mwaka bila ya kupunguzwa popote huishia kama kabati la mzee, ambamo kila kitu kimo na hakuna kinachopatikana. Mhakiki anayeijua kazi yake ataingiza Peponi kwa kuondoa kitu kingine, au kwa kuipanga upya sehemu nzima ya tafsiri, kwa maana kuingia kwa kitabu hicho kunabadili namna vitabu vya kabla yake vinavyoonekana.

Lakini ugumu wenyewe uko katika hukumu. Na ichukuliwe hali hii. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970, baada ya kutoka kwa Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, uliwagawa wasomi katika kambi mbili: wanamapokeo walioshikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi, na wanamabadiliko waliolitetea shairi huru. Si wachache waliohama kambi kadiri miaka ilivyopita. Mhakiki aliyeandika katika ujana wake kwamba shairi huru ni nathari iliyokatwakatwa, na sasa analifundisha shairi huru kwa mapenzi, afanye nini na makala yake ya zamani kama yangali yakisomwa mtandaoni chini ya jina lake? Kishawishi ni kikubwa. Kwa robo saa anaweza kuifuta ile sentensi kali, akaweka mahali pake sentensi pole, na historia nzima ikamwonyesha kama mtu aliyeona mbali tangu mwanzo.

Akifanya hivyo atakuwa ameiba. Hatakuwa amemwibia msomaji wa leo, ambaye atapata maoni mazuri zaidi. Atakuwa amemwibia yule aliyebishana naye. Mtu aliyeandika makala ya kumjibu, akanukuu sentensi kali ile na kuipangua, ataonekana kana kwamba alikuwa akipigana na kivuli. Tena atakuwa ameuibia mgogoro wenyewe. Wanafunzi husoma kisa cha wanamapokeo na wanamabadiliko si kwa ajili ya kujua nani alishinda, bali kwa ajili ya kuona fikira zikisuguana, na msuguano hauwezi kuonekana iwapo kila upande umejipaka rangi ya upande wa pili baada ya vita. Mahali pa hukumu mpya ni makala mapya, na katika yale ya zamani inatosha dokezo fupi, lenye tarehe, la kumwambia msomaji kwamba mwandishi amebadili msimamo na kwamba hoja zake za sasa zinapatikana mahali fulani.

Kwa vigezo hivi, toleo la pili la A Grain of Wheat lingehukumiwaje? Swali si rahisi kama linavyoonekana. Ngũgĩ hakubadili kwa siri. Kitabu kinatangaza kwamba kimerekebishwa, na toleo la kwanza limebaki duniani. Alichokifanya kinaweza kupingwa kisanaa. Wapo watakaosema, na si bila sababu, kwamba riwaya iliyoweza kuonyesha usaliti wa Mugo bila ya kumhurumia wala kumlaani ingeweza pia kustahimili ukatili wa Koina. Kimaadili, hata hivyo, mwandishi huyo hakumnyang'anya yeyote ushahidi wake.

Ustaarabu wa Waswahili ulikwisha kulitafakari jambo hili kabla ya mitambo ya kuchapa haijafika pwani, na inashangaza kwamba mfano wake hautajwi mara nyingi zaidi. Wanakili wa tendi katika Lamu, Pate na Mombasa hawakuwa mashine. Nakala za utendi mmoja zilizotoka katika mikono tofauti hazilingani: beti zinaongezeka na kupungua, maneno ya lahaja moja yanageuzwa kuwa ya lahaja nyingine, mstari uliosomeka vibaya unatengenezwa kwa kukisia. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, malenga, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, aliwanakilia tendi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Wahariri wa baadaye wametoa jasho jingi kuyapambanua maandishi ya namna hii, kwani mnakili anayelipenda shairi ni hatari kuliko mnakili asiyelijali: wa pili hukosea, wa kwanza hutengeneza.

Lakini kando ya desturi hiyo ilikuwapo nyingine iliyo kinyume chake, nayo ni takhmisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, yule yule mtunzi wa Al-Inkishafi, alizitwaa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, akaziongezea. Kwa kila mishororo miwili ya kale aliitangulizia mitatu yake mwenyewe, ikawa mitano, na ndiyo maana ya jina hilo, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu la tano. Masharti yake ni magumu. Mishororo mipya sharti ifuate mizani na ioane kwa vina na ile ya zamani. Sharti iandae maana ambayo ya zamani itaikamilisha. Na juu ya yote, ile ya zamani haiguswi. Msomaji anayejua kanuni ya takhmisa anajua, bila ya kuambiwa, wapi anaishia Sayyid Abdalla na wapi anaanza Liyongo. Nyongeza imelihuisha shairi kwa wasikilizaji wapya, pengine karne nyingi baada ya kutungwa, na mshono umeachwa wazi kwa kukusudia.

Mshono huo wazi ndio unaotafutwa na kila aliyejaribu kwa dhati kuhifadhi maandishi ya mtandaoni. Ensaiklopidia ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoanza mwaka 1995, imefika karibu nao kwa njia ya kistaarabu. Kila makala yake yanabeba tarehe mbili kichwani, ya kuchapishwa kwa mara ya kwanza na ya marekebisho makubwa ya mwisho. Waandishi wake wanatarajiwa kuyarudia makala yao kadiri taaluma inavyosonga. Na mara nne kwa mwaka nakala ya ensaiklopidia nzima huwekwa katika hifadhi isiyobadilishwa, ili aliyenukuu toleo la majira fulani asikanushwe na toleo la majira yanayofuata. Wikipedia, ambayo tawi lake la Kiswahili lilianzishwa mwaka 2003, imefuata njia ya soko badala ya njia ya chuo. Yeyote anaweza kubadili, lakini kila badiliko huhifadhiwa, na kila ukurasa una historia yake ambamo sentensi iliyofutwa inaweza kusomwa pamoja na saa iliyofutiwa. Wasomi wengi huidharau Wikipedia kwa sababu ya yale yaliyomo katika ukurasa wa mbele. Ni haki yao, ingawa katika jambo hili moja ensaiklopidia hiyo ya umma ina uaminifu unaozishinda tovuti nyingi za vyuo vikuu, ambazo makala yake hubadilika usiku bila ya shahidi.

Au hutoweka kabisa. Mwaka 2014 wataalamu wa sheria wa Harvard, Zittrain, Albert na Lessig, walichapisha uchunguzi juu ya viungo vya mtandaoni vilivyotajwa katika maandishi ya kisheria ya Marekani. Waligundua kwamba nusu ya viungo vilivyomo katika hukumu za Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo havikumfikisha tena msomaji kwenye kile kilichonukuliwa, na katika Harvard Law Review na majarida mengine ya sheria waliyoyachunguza upungufu ulizidi asilimia 70. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya mahakama yenye watumishi na bajeti, hali ya jarida la idara linalotegemea seva moja na mhadhiri mmoja mwenye nia njema haihitaji uchunguzi. Mhakiki anayeyarudia makala yake ya 2014 atakuta kwamba sehemu ya viungo vyake imekufa. Atashawishika kuvifuta. Lililo bora ni kuviacha vikiwa vimeandikwa kikamilifu, jina la mwandishi, kichwa, mahali na tarehe, hata pale ambapo havifunguki, kwa maana rejeleo lililokufa lingali ni ushahidi kwamba kitu kilikuwapo, na anayekitafuta anaweza kukikuta katika hifadhi ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikikusanya kurasa tangu mwaka 1996.

Kuna udanganyifu mmoja unaopaswa kutajwa kwa jina lake, kwa kuwa unazidi kuenea. Ni ule wa kubadili tarehe iliyo juu ya makala pasipo kubadili makala. Wenye kuufanya wanajua kwamba msomaji huvutwa na upya, na kwamba mitambo ya kutafuta habari nayo huvutwa vivyo hivyo. Huu ni uuzaji wa samaki wa jana kwa kumwagia maji. Msomaji atanunua mara moja, na huenda mara mbili, kisha atalihama duka zima pamoja na samaki wake wabichi. Anayerudi kwenye makala kwa mara ya pili hurudi kwa sababu mara ya kwanza alikuta jambo la kweli, na mara hii anategemea kukuta kwamba kuna mtu aliyekuwa akililinda. Tarehe mpya humwahidi mlinzi. Akifungua na kumkuta Kezilahabi angali "anaandika", amekwisha kujua kwamba hapana mtu nyumbani.

Ikiwa haya yote ni dhahiri, mbona hayafanywi? Sababu si uvivu, au si uvivu peke yake. Kamati za kupandisha vyeo katika vyuo vikuu huhesabu makala mapya. Mhadhiri aliyetumia likizo nzima kuyasahihisha, kuyapanga upya na kuyatilia dokezo makala yake matano ya zamani, ambayo yanasomwa na mamia ya wanafunzi, ataulizwa amechapisha nini mwaka huu, na jibu la haki litakuwa: hakuna. Mwenzake aliyeandika makala mapya ambayo hayatafunguliwa na mtu atapanda. Katika mazingira hayo kila anayerudi kwenye kazi yake hurudi kwa gharama yake mwenyewe, na wengi wenye vipaji wamekubali kuacha nyuma yao msururu wa maandishi yanayooza polepole huku wakikimbilia lingine. Idara ambayo ingekubali kuhesabu toleo lililorekebishwa kwa dhati, lenye maelezo ya kilichobadilishwa na sababu yake, kuwa ni kazi ya kitaaluma, hata kwa nusu ya alama, ingebadili hali hii kuliko mahubiri yoyote. Hapana kikwazo cha fedha katika hilo. Wahariri wa kamusi hawaulizwi swali hili: toleo la 1981 la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lilifuatwa na la 2004 na la 2013, na hakuna aliyesema kwamba matoleo ya baadaye si kazi kwa vile lile la kwanza lilikwisha kuwapo.

Tena mwandishi hufa. Hili hutajwa mwisho, nalo ndilo hakika zaidi ya yote, kwa kuwa makala ya mtandaoni yatamshinda umri mwandishi wake au yatakufa naye, kutegemea kama amewaachia watu au hakuwaachia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840 bila ya kuchapisha chochote. Miongo kadhaa baadaye mmisionari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alizikusanya tungo hizo na kuzieleza, kwa kuwa hata wenyeji walikuwa wameanza kusahau baadhi ya maneno na matukio yaliyozizaa. Hichens alizichapa kama diwani mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz akazirudia tena mwaka 1979, akiwa na tafsiri na uchambuzi wa mazingira ya Mombasa ya karne ya 19. Muyaka hakumwona hata mmoja wao. Lakini anayesoma shairi lake leo anaweza kujua lipi ni neno la malenga, lipi ni ufafanuzi wa wazee wa mji wake, na lipi ni fikira ya msomi wa karne iliyofuata, kwa sababu kila aliyeongeza aliandika jina lake karibu na alichokiongeza.